Kijana wa Watford aliyeacha shule kwa ajili ya gemu

Najua nimepotea. Dada yangu wa Tanga amenipigia wiki iliyopita kuuliza kama bado niko hai. Niko hai, ila nyumbani kwangu kulikuwa na kesi, na kesi yenyewe ndiyo imenifanya nikae chini kuandika haya.

Kijana wangu, yule mliyemwona mara ya mwisho akiwakimbia kuku wa bibi yake, sasa ana miaka 17 na ndevu tatu kidevuni. Yuko kidato cha tano. Jumapili moja tukiwa mezani tunakula ugali akatangaza kwamba shule basi. Anataka kucheza gemu, ajirekodi anavyocheza, aweke video YouTube na watu wamwangalie. Mama yake tonge likaganda hewani. Mimi nikauliza, "Na nani atakulipa?" Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mtoto: "Baba, KSI naye aliacha shule."

Sasa mimi sibishani na mtu kuhusu kitu nisichokijua. Nilikuwa na siku nne za kupumzika baada ya zamu za usiku, nikazitumia kumfuatilia huyu KSI tangu alipoanzia. Nyinyi huko nyumbani pengine mnamjua kwa ngumi, au hammjui kabisa, kwa hiyo nawaletea nilichokiona.

Jina lake ni Olajide Olatunji, wenzake wanamwita JJ. Amezaliwa London Juni 1993, wazazi wake wametoka Nigeria, na amekulia Watford. Watford naijua vizuri, ndiko nilikobeba boksi miezi yangu minane ya kwanza nchi hii. Wazazi wake wakampeleka Berkhamsted, shule ya kulipia iliyoanzishwa mwaka 1541. Sisi tuliotoka Afrika hesabu hiyo tunaijua bila kuhadithiwa: baba na mama wanafanya kazi, hela inaingia mlango huu na kutokea ule kwenda kulipa ada, na malipo wanayoyasubiri ni mtoto awe daktari, mwanasheria au mhandisi. Hakuna mzazi wa Kiafrika aliyelipa ada ya namna hiyo ili mtoto acheze FIFA.

Lakini ndicho alichofanya. Mwaka 2009, akiwa na miaka 16, alifungua chaneli aliyoiita KSIOlajidebt. Herufi KSI zilitoka kwenye kikundi cha wacheza gemu ya Halo. Video zake zilikuwa rahisi kuliko mnavyofikiri: yeye, chumbani kwake, anacheza gemu ya mpira ya FIFA huku anapiga kelele.

Hapa ndipo mama yake kijana wangu aliponiuliza, jamani, mtu na akili zake anakaaje kuangalia mwenzake akicheza? Nikamkumbusha banda la PlayStation mtaani. Wenye hela wanashika pedi, wawili tu. Nyuma yao wamesimama watoto kumi wasio na kitu mfukoni, wanacheka, wanazomea, wanatoa ushauri ambao haukuombwa, na siku zote yuko mmoja ambaye hata akifungwa watu hawaondoki kwa sababu ya maneno yake. Mimi mwenyewe nilikuwa kati ya hao wa nyuma. Basi KSI alikuwa yule mmoja, ila nyuma yake alisimamisha dunia.

Na alijua kuchekesha. Wazee wenzangu wa Liverpool mnamkumbuka Emile Heskey, aliyefunga bao la tano siku Uingereza ilipowachapa Wajerumani 5-1 Munich mwaka 2001. Baadaye Heskey akageuka mtu wa kutaniwa, mshambuliaji asiyefunga. KSI akamchukua Heskey huyohuyo kwenye gemu na kumfanya shujaa wake, akifunga naye unasikia ukelele kama nyumba inaungua. Nilicheka peke yangu saa nane usiku. Nakiri.

Sasa twende kwenye hela, maana ndiko kesi yetu iliko. YouTube ilianzishwa 2005, Google wakainunua 2006 kwa dola bilioni 1.65, na 2007 wakaanza kugawana pato la matangazo na watengeneza video. Kwenye matangazo ya kawaida mwenye video anapata asilimia 55. Kwa hiyo KSI alipoingia, mlango ulikuwa umefunguliwa juzi tu. Video za FIFA zenye maneno na vichekesho hazikuwa nyingi, na vijana wa Uingereza waliotoka shule jioni walikuwa na pa kwenda pachache.

Na ile hadithi ya kuacha shule ambayo kijana wangu aliniletea mezani, iko hivi. KSI mwenyewe aliieleza kwenye kipindi cha BBC. Akiwa bado kidato cha juu, chaneli yake ilikuwa inamwingizia kama pauni 1,500 kwa mwezi. Akazungumza na mwalimu wake, ikaonekana mshahara wa mwalimu ni mdogo kuliko hapo, na mwalimu akamhimiza aendelee na mambo yake. Ndipo akaacha. Wazazi wake hawakufurahi hata kidogo.

Soma tena mpangilio huo, wadau. Hela kwanza, kuacha shule baadaye. Mtaani hadithi inasimuliwa kinyumenyume, kwamba aliacha shule ndipo hela ikaja.

Tena sheria imebadilika. Enzi zake kijana wa miaka 16 aliweza kuaga shule na hakuna wa kumuuliza. Tangu 2015 hapa England lazima kijana awe kwenye masomo au mafunzo mpaka afikishe 18. Na YouTube nao, tangu 2018, hawakupi senti ya matangazo ya video zako za kawaida mpaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na watu wawe wameziangalia jumla ya saa 4,000 ndani ya miezi 12. Nilipomsomea kijana namba hizo alinyamaza. Yeye alikuwa nao 38, mmoja wao mimi.

Yaliyofuata kwa KSI yalikwenda mbio. Mwaka 2013 yeye na wenzake wakaunda kundi la Sidemen, likianzia kwenye gemu ya Grand Theft Auto V, hatimaye wakawa saba. Mmoja wao, Simon Minter, alisoma naye Berkhamsted. Mwaka 2015 akatoa wimbo uitwao Lamborghini, na gari lenyewe alikuwa nalo. Albamu yake ya 2020 ilishika namba mbili Uingereza, ya 2021 ikashika namba moja. Kwenye YouTube ana wafuatiliaji zaidi ya milioni 20. Machi 2025 Sidemen waliijaza Wembley kwa mechi ya hisani. Wembley, jamani, kwa vijana walioanzia chumbani na pedi mkononi!

Kuna mambo kijana wangu hakuyataja. Mwaka 2012, kwenye maonyesho ya gemu ya Eurogamer Expo, KSI alirekodi video akiwasumbua wanawake kwa maneno machafu, waandaaji wakampiga marufuku. Mwaka uliofuata Microsoft nao wakajitenga naye. Aprili 2023 alitamka tusi la kuwadhalilisha watu wenye asili ya Pakistani kwenye video ya Sidemen, akaomba radhi, akajiondoa mtandaoni kwa muda, akaenda Bradford kuzungumza na Waislamu msikitini. Hivi ni vitu ambavyo kijana akivifanya darasani anaitwa ofisini na mzazi wake. Huyu alivifanya mbele ya mamilioni, na havifutiki. Nilimwambia mke wangu kwamba hela ya mtoto wa watu siioni wivu, ila hilo la kukua mbele ya kamera lilinitisha kuliko kukosa cheti.

Na familia. Mdogo wake Deji naye ana chaneli kubwa. Mwaka 2018 ndugu hawa walitukanana hadharani, kwa video, kila mmoja akimjibu mwenzake na umma ukishangilia, mpaka walipopatana baadaye. Nilifikiria wale wazazi. Kwetu wanandugu wakigombana unaita kikao, mnafunga mlango, mnamaliza.

Ngumi nazo mnazijua, nitapita haraka. Agosti 2018 Manchester alitoka sare na Mmarekani Logan Paul, mtu wa video kama yeye. Wakarudiana Los Angeles Novemba 2019, safari hii kama mabondia wa kulipwa, KSI akashinda kwa pointi, majaji wawili kwa mmoja. Oktoba 2023 akapigwa na Tommy Fury. Kilichonishangaza ni kwamba yeye na Logan Paul, baada ya kutwangana mara mbili, Januari 2022 walianzisha pamoja kinywaji cha Prime. Hicho nilikiona kwa macho yangu. Majira ya baridi yale natoka zamu ya usiku, naona foleni ya watoto na wazazi nje ya duka kabla halijafunguliwa, baridi ya kukata masikio. Nikadhani kuna msiba wa mtu mkubwa. Kumbe maji ya rangi! Nikapanga mstari nami, nikapata chupa mbili. Mwaka 2024 mauzo ya Uingereza yakaporomoka vibaya, na siku hizi zinakaa rafuni zinatuangalia.

Haya yote nilimwekea kijana mezani, nikiwa nimejiandaa kama wakili. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Bibi aliniambia na wewe uliacha chuo."

Wadau, mnaonijua mnajua kwamba ni kweli. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, viza ikatoka, nikaondoka. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliniuliza barazani swali moja tu: "Na nani atakulipa?" Sikuwa na jibu. Sikuwa na pauni 1,500 kwa mwezi wala pauni moja, nilikuwa na namba ya simu ya mtu wa Watford ambaye nilipofika alikuwa ameshahama. Mama, kwa nini umemwambia mtoto?

Ikabidi tuzungumze upya, wanaume wawili. Tumekubaliana hivi: shule anamaliza, mitihani anafanya. Ijumaa jioni na Jumamosi kompyuta ni yake, na mimi nimenunua maikrofoni kwa hela ya zamu moja ya ziada. Siku atakayoniletea karatasi ya benki yenye hela ya miezi sita mfululizo inayozidi mshahara wangu, nitamsikiliza tena. Mama yake amesema hiyo karatasi aionyeshwe yeye kwanza.

Na sharti la mwisho lilikuwa lake: niingie kwenye video moja. Jumamosi iliyopita tumecheza gemu ile ya mpira, ambayo toleo lake la mwisho kuitwa FIFA lilikuwa FIFA 23, sasa ni EA Sports FC. Nilichukua Liverpool. Nimefungwa sita, na bao la nne nilikuwa nimeangalia pembeni nikitafuta kitufe cha kupiga pasi. Kijana anasema hapo nilipofoka Kiswahili ndipo watu wamecheka zaidi. Imeangaliwa mara 214, na wafuatiliaji wamefika 61. Dada wa Tanga, najua wewe peke yako umeiangalia mara nne. Usiwaonyeshe wazee wa msikitini.