Kabla Hamjanunua Laptopu ya Kurekodi, Sikizeni Historia Hii



Kuna timu ya sifa imechanga kwa miezi kadhaa na sasa wameniandikia: "Pasta, tununue Mac ama Windows? Na programu ya kurekodi iwe gani?" Najua wengi mna swali hilo hilo, kwa hivyo nalijibu hapa. Lakini jibu lake lina historia ndefu, na mtu asiyeijua hununua kwa kufuata sifa za watu. Pesa za mchango haziji mara mbili. Na nyimbo mtakazorekodi mwaka huu mtataka kuzifungua miaka kumi ijayo.

Kwa hivyo mkisoma, jiulizeni jambo moja: programu hii ni mali ya nani, na ikipata mwenye mpya, kazi yetu itaenda wapi?

Tuanze 1983. Mwaka huo kampuni zilizokuwa zikishindana kuuza vinanda vya umeme zilikubaliana lugha moja, MIDI. Waliosukuma jambo hilo zaidi ni Ikutaro Kakehashi wa Roland kule Japani na Dave Smith wa Sequential Circuits kule Marekani. MIDI haibebi sauti. Inabeba habari tu: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, imeachiliwa lini. Ndiyo maana hata kompyuta dhaifu za siku zile ziliiweza. Mpaka leo, kinanda cha kanisani ukikichomeka kwenye laptopu, lugha wanayozungumza imetoka mwaka ule.

Miaka miwili baadaye Atari ikatoa kompyuta ya ST ambayo ilitoka kiwandani ikiwa tayari na matundu ya MIDI. Mwenye Mac ama kompyuta ya IBM alilazimika kununua kifaa cha ziada. Wanamuziki wa Ulaya wakaikimbilia Atari, na mji wa Hamburg, Ujerumani, ukawa kama jiko la programu zake. Hapo Karl Steinberg na Manfred Rürup walikuwa wameanzisha kampuni ya Steinberg mwaka 1984, na 1989 wakatoa Cubase. Washindani wao, C-Lab, walikuwa na programu iitwayo Notator. Baadhi ya watu wa Notator, akiwemo Gerhard Lengeling, walitoka wakaanzisha Emagic, na programu yao mpya ikaitwa Logic. Shikeni jina hilo, tutalirudia.

Sasa tafakari. Mtu aliyenunua Atari mwaka 1989 alikuwa amechagua vizuri kabisa. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, Atari ilikuwa imeacha kutengeneza kompyuta! Cubase iliokoka kwa sababu ilikuwa imeshahamia Mac na Windows.

Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Peter Gotcher na Evan Brooks wa Digidesign walijenga juu ya Mac, na mwaka 1991 wakatoa Pro Tools. Hiyo ilirekodi sauti yenyewe. Ilianza na traki nne tu, yaani njia nne za sauti, kwa bei ya kama dola 6,000, tena bila kompyuta. Na haikufanya kazi bila vifaa vya kampuni hiyo hiyo. Kifungo hicho kilidumu hadi 2010, Pro Tools 9 ilipokuja. Hapo ndipo ilipotoka ile imani kwamba "studio ya kweli ni Mac." Ilikuwa kweli wakati wake. Mwaka 1999 wimbo wa Ricky Martin, Livin' la Vida Loca, ulishika nafasi ya kwanza Marekani ukiwa umerekodiwa na kuchanganywa wote ndani ya Pro Tools, na wenye studio za kanda wakaanza kuhesabu siku.

Na Windows je? Shida yake ya kale ilikuwa kuchelewa kwa sauti. Mwimbaji anaimba kwenye maikrofoni, kompyuta inaipokea sauti, inaipitisha ndani, inairudisha kwenye hedifoni. Ikichelewa sana, mwimbaji anajisikia kama mtu anayepigiwa mwangwi ukutani, na hawezi kushika mdundo. Kwenye Windows ya zamani kuchelewa kuliweza kupita sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka 1997 Steinberg walitoa njia iitwayo ASIO, inayopeleka sauti moja kwa moja kwenye kadi ya sauti bila kupita kwenye foleni za Windows. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu madogo. Fungu la sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni karibu milisekunde 6, na sikio la mwimbaji halisumbuliwi na hilo. Mac ilipohamia OS X ikaja na mpango wake wa ndani, Core Audio, ndiyo maana kwa Mac unachomeka kadi ya sauti na mara nyingi inakubali tu. Kwa Windows, weka ASIO ya kadi yako kwanza. Watu wengi wanaolalamika kwamba laptopu ya Windows "haiwezi kurekodi" hawajawahi kufanya hivyo.

Haya, turudi kwa Logic. Kufikia mwaka 2002 ilikuwa inafanya kazi kwenye Mac na kwenye Windows pia, na maprodusa wengi wa Windows walikuwa wameijengea maisha yao. Tarehe 1 Julai 2002 Apple ikatangaza kwamba imeinunua Emagic, na kwamba Logic ya Windows itaacha kuuzwa mwisho wa Septemba. Miezi mitatu! Akawa amekuja Farao mpya, naye hakumjua Yusufu. Mwenye Windows alibaki na njia tatu: abaki na toleo la mwisho mpaka kompyuta yake izeeke, anunue Mac, ama ahamie programu nyingine aanze kujifunza upya. Na ile miradi yake ya miaka mingi? Faili za Logic hufunguliwa na Logic. Hakuna aliyemnyang'anya nyimbo zake, ila mlango wa kuzifikia ulikuwa wa mtu mwingine.

Nisiwe mchungu kwa Apple, maana upande wa pili wa hadithi una mazuri. Lengeling yule yule aliongoza kazi ya kuunda GarageBand, iliyotoka 2004 na kuja bure na kila Mac mpya. Kuna sauti ya ngoma ya GarageBand ndani ya wimbo wa Rihanna wa 2007, Umbrella. Na mwaka 2011 Logic Pro ilishuka hadi dola 199.99, kitu ambacho wenye Pro Tools hawakukiamini.

Upande wetu huku tulikwenda na FL Studio, na si ajabu. Ilianza 1997 kwa jina la FruityLoops, kazi ya Didier Dambrin wa Image-Line, Ubelgiji. Ilikuwa ya Windows, na kompyuta za mitumba zinazouzwa Luthuli Avenue nyingi ni za Windows. Ukiinunua mara moja, masasisho ni bure daima, na ahadi hiyo wameitunza. Jina lilibadilika 2003. Mac wakaipata rasmi 2018 tu, katika toleo la 20. Kwa hivyo kijana aliyejifunzia muziki kwenye kompyuta ya mtumba ya Windows alikuwa na kitu ambacho mwenye MacBook ya bei kubwa alikuwa hana. (Wengi waliitumia bila kuinunua, wapendwa, na tunajua. Hilo nitaliandikia siku yake.)

Lakini ahadi ya "daima" ni nzuri kama aliyeitoa. Cakewalk ilizaliwa 1987 huko Marekani, mikononi mwa Greg Hendershott, na kwa miaka thelathini ilikuwa rafiki wa watu wa DOS na Windows. Mwaka 2013 ikanunuliwa na Gibson, wale wa magitaa. 2016 wakauza SONAR kwa ahadi ya masasisho ya maisha. Novemba 2017 Gibson wakatangaza kwamba hawataiendeleza tena. Maisha yalikuwa chini ya miaka miwili! Mwezi Mei 2018 Gibson wenyewe wakaingia kwenye ulinzi wa kufilisika. Kabla ya hapo, Februari, BandLab ya Singapore ilikuwa imeiokota Cakewalk na kuanza kuitoa bure. Kwa hivyo aliyelipa na asiyelipa wakajikuta meza moja.

Mac nayo ina wakati wake wa kuvunja vyombo. Oktoba 2019 ilipotoka Catalina, programu zote za biti 32 zilikoma, na watu waliosasisha usiku waliamka wakakuta ala walizozinunua hazifunguki. Mwaka uliofuata, Novemba 2020, ikaja M1. Mashine nzuri mno, haina makelele na betri inakaa, lakini wengi walisubiri miezi kabla programu zao hazijaandikwa upya kwa ajili yake.

Linux nitaipitia haraka. Paul Davis, mmoja wa wataalamu wa kwanza kabisa wa Amazon, aliiandika Ardour huko, na Audacity, iliyotolewa 2000 kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, inafanya kazi kote na ni bure. Audacity itawatosha kwa mahubiri. Kwaya ya sauti nne na bendi itawashinda mapema.

Iliyo karibu zaidi na hitaji lenu ni Reaper. Ilianzishwa na Justin Frankel, yule aliyetupa Winamp, na toleo la kwanza lilitoka 2006. Inafanya kazi Windows, Mac na Linux, siku 60 za kujaribu, kisha dola 60 kwa watu wa kipato kidogo. Mradi uliouanza kwenye Windows unafunguka kwenye Mac, mradi tu ala za ziada ulizotumia ziwepo pande zote mbili.

Sasa, timu yangu. Fundi wenu anayewachanganyia nyimbo anatumia Windows, mmeniambia wenyewe. Basi nunueni Windows ya mtumba yenye RAM ya GB 16 na diski ya SSD, kadi ya sauti ya USB iliyo na ASIO yake, na Reaper. Pesa zitakazobaki ziende kwa maikrofoni.

Na kila wimbo ukikamilika, toeni kila traki peke yake kama faili ya WAV, zote zianzie sekunde sifuri, tempo iandikwe kwenye jina la folda. WAV ilitolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991, na inafunguka ndani ya kila programu ya kurekodi niliyoitaja hapa ambayo bado inauzwa ama kutolewa bure. Nakala moja kwenye diski ya nje ikae kanisani, nyingine nyumbani kwa mweka hazina.