Mfumo mpya Ifakara: utafika mavuno?

Wadau, wiki hii nipo nyumbani Ifakara. Jana jioni nilikwenda kuangalia timu ya mtaani kwetu ikifanya mazoezi, nikashangaa. Ile butua mbele ukimbize tuliyoizoea haipo tena. Mwalimu kaleta 4-3-3: mshambuliaji wa kati anashuka kuchukua mpira, mawinga wanaingia ndani, mabeki wa pembeni wanapanda. Inapendeza kwa kweli.

Itadumu? Nilimuuliza mwalimu, akacheka. "Subiri mpunga uanze kuzaa, mdogo wangu." Wanaolijua bonde la Kilombero wameshamwelewa. Msimu ukifika familia zinahamia shamba, na mawinga wetu watakuwa kwenye madungu wakifukuza ndege.

Jibu nimelitafuta kwenye historia. Reli ya TAZARA inayopita hapa Ifakara inakwenda Zambia. Huko Zambia, mjini Ndola, Agosti 1979, Taifa Stars ilitoka sare 1-1 kwa bao la Peter Tino, ikakata tiketi ya Fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 kule Nigeria. Makocha walikuwa Mpoland Slawomir Wolk na Joel Bendera, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mkuu wa mkoa wetu huu wa Morogoro. Tulifungwa na Nigeria 3-1, na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Kwa wageni wa mashindano, si aibu hata kidogo.

Halafu? Tulirudi kwenye fainali hizo mwaka 2019. Miaka 39! Na Emmanuel Amunike aliyetufikisha huko akaondolewa baada ya kufungwa mechi zote tatu. Kila kocha na mfumo wake, akiondoka anaondoka nao.

Sasa waangalieni Yanga. Mwaka 2023 kocha Nabi aliondoka, mfungaji Mayele naye akaondoka. Akaja Gamondi, na Novemba 5 mwaka huohuo Simba akala 5-1 (wana Msimbazi mnisamehe). Msimu ule Aziz Ki akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Mimi naona siri ni kwamba watu kama Aucho na huyo Aziz Ki walibaki. Mpira ulikuwa vichwani mwa wengi, haukuwa kwenye daftari la kocha peke yake.

Narudi uwanjani kwetu. Pembeni palikuwa na watoto wa miaka kumi na mbili hivi, wakiiga kila kitu wanachofanya kaka zao, bila mtu wa kuwaelekeza. Hao wengi hawaendi shamba, wanabaki mjini kwa sababu ya shule.

"Mwalimu, na hawa je?" nikamuuliza.

Akawatazama kidogo. "Mipira ninayo miwili tu."

Nadhani hapo ndipo mfumo utakapofia au kupona. Nyie wadau mnaonaje?