Takwimu za shule zisimwanike mtoto

Matokeo ya KCSE yanapotoka, au kaunti inapotoa ripoti ya elimu, sisi watu wa Pwani huzisoma takwimu hizo kwa hamu, na tuna haki. Bila takwimu hatuwezi kudai walimu, hatuwezi kuonyesha kwamba wasichana wa wodi fulani wanaacha shule, wala kujua pesa za basari zimekwenda wapi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 31 cha Katiba hiyo hiyo kinalinda faragha ya kila mtu, na mwanafunzi ni mtu.

Wengi hudhani haki hizi mbili hazigongani maadamu ripoti haikutaja majina. Mimi naona hapo ndipo tunapokosea. Palipo na watoto wachache, nambari hugeuka ikawa jina.

Namna nambari inavyomtaja mtu

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule moja ya kisiwani ina watahiniwa 24 wa kidato cha nne: wavulana 21 na wasichana watatu. Ripoti inasema asilimia 0 ya wasichana walifikia C+, gredi ya kuingia chuo kikuu. Jina halikuandikwa, lakini kijiji kizima kinawajua wasichana hao, wao na mama zao. Asilimia 0 na asilimia 100 zina hatari hata kundi likiwa kubwa, kwa sababu zinamsema kila aliyemo.

Wastani nao husema. Wasichana wakiwa wawili na wastani wao ukawa pointi 6, yule aliyepata pointi 8, yaani B-, atajua papo hapo kwamba mwenzake alipata 4, ambayo ni D+.

Kutoa ni hesabu ya darasa la chini, na kila mtu anaiweza. Tuseme ripoti inaonyesha wanafunzi 40 wenye ulemavu katika wodi tatu. Wodi ya kwanza ina 25, ya pili 12, na ya tatu imewekewa nyota ili idadi ifichike. Toa 37 kwenye 40, utapata watatu. Nyota hiyo haikuficha kitu.

Ripoti mbili zikiwekwa pamoja pia hufichua. Muhula wa kwanza shule inaandika kwamba wanafunzi wawili walijifungua, muhula wa pili inaandika watatu. Huyo wa tatu mtaa unamjua.

Somo hili lina historia. Katika miaka ya 1990, huko Massachusetts, Marekani, rekodi za matibabu za watumishi wa jimbo zilitolewa kwa watafiti baada ya majina kuondolewa. Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo, alizilinganisha na daftari la wapiga kura akaitambua rekodi ya gavana mwenyewe, William Weld. Baadaye, mwaka 2000, alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta tu. Kwetu hata daftari halihitajiki. Baraza la kahawa latosha.

Nani anaumia

Gredi mbaya ni jambo dogo katika haya. Kenya ina mwongozo wa mwaka 2020 unaomruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Mwongozo huo haumsaidii kitu ikiwa ripoti imeshamfanya gumzo la mtaa kabla hajavaa sare yake tena. Vivyo hivyo kwa mtoto anayetumia dawa za HIV, au mtoto ambaye familia yake imekaa miaka bila vyeti. Jamii ya Wapemba wa Kwale na Kilifi ilitambuliwa kuwa raia mwaka 2023 tu. Jedwali linalohesabu wanafunzi wasio na cheti cha kuzaliwa, shule kwa shule, linaweza kuionyesha nyumba yenyewe.

Dini yetu imetuhimiza kusitiriana. Sitara hiyo haiishii mdomoni. Inafika hata kwenye jedwali la kompyuta.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu kuwa ni data binafsi habari yoyote inayomhusu mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoligusa jedwali lisilo na majina. Sheria hiyo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Hali ya afya na asili ya kikabila zimewekwa katika data nyeti. Data inaweza kutumika kwa takwimu na utafiti, lakini isichapishwe kwa namna inayomtambulisha mtu.

Sheria hii ina meno. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kesi hiyo ilihusu picha, si majedwali, lakini mwalimu mkuu mwenye busara ataelewa upepo unavuma wapi.

Njia za kuchapisha kwa usalama

Kwanza, weka kiwango cha chini. Kundi likiwa na watoto pungufu ya idadi fulani, usitoe takwimu yake. Hakuna nambari moja inayotumika dunia nzima. Majimbo mengi ya Marekani hutumia kumi. Kwa visiwa na vijiji vyetu, ambako watu wanajuana, sioni sababu ya kushuka chini ya hapo.

Pili, ukificha kisanduku kimoja, ficha na cha pili, ili kutoa kusiwezekane. Katika mfano wetu wa wodi tatu, ile yenye 12 nayo ingefichwa.

Tatu, unganisha. Badala ya shule moja moja, toa idadi ya wodi au kaunti ndogo. Badala ya mwaka mmoja, jumlisha mitatu. Badala ya gredi zote 12, andika waliofikia C+ na wasiofikia.

Nne, asilimia za pembeni zifunike. Andika "chini ya asilimia 5" au "zaidi ya asilimia 95" badala ya 0 na 100.

Tano, kabla ya kuchapisha, ilaze ripoti mpya kando ya ile ya zamani uone tofauti inamfichua nani. Kisha mpe mtu wa kijiji hicho aisome. Akiweza kutaja jina, rudi mezani.

Na faili lenye majina, tarehe za kuzaliwa na nambari za wanafunzi lisitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp eti "kwa matumizi ya ofisi". Likishatoka, halirudi.

Kuficha kusiwe kisingizio

Kuna upande wa pili ambao sitaki usahaulike. Ofisi isiyotaka kuulizwa inaweza kujifunika kwa neno faragha. Idadi ya walimu, madarasa, vyoo na madawati si siri ya mtoto yeyote. Pesa zilizopokewa na zilizotumika si siri. Idadi ya basari zilizotolewa kila wodi, na jumla ya shilingi, zinafaa kubandikwa ubaoni. Kinachopaswa kubaki faraghani ni maelezo kwamba mtoto fulani ni yatima, au baba yake ni mgonjwa. Ofisi inapoficha kisanduku, ieleze kwa nini imekificha na kwa kanuni gani, na kanuni iwe moja kwa shule zinazosifiwa na zinazoaibika.

Mzazi anayeona ripoti imemwanika mtoto wake aanze kwa mwalimu mkuu au ofisi iliyochapisha, kwa maandishi, akitaka ukurasa uondolewe. Asiposikizwa, apeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria ina siku 90 za kuyachunguza na kuyamaliza. Ahifadhi nakala ya ripoti na tarehe aliyoiona, kwa maana kurasa hufutwa mashtaka yanaponukia.