Mstari Mweupe wa Rosart

Si kila herufi ya chapa huumbwa ili ijaze kurasa. Zipo zilizoumbwa zikae mlangoni mwa kitabu: herufi kubwa zenye vijino nchani, zilizotiwa mistari myembamba na maua ndani ya miili yake. Miongoni mwa mafundi wa herufi hizo alikuwa Jacques-François Rosart, aliyezaliwa Namur mwaka 1714, akafungua kiwanda cha kusubu herufi mjini Haarlem, Uholanzi, mwaka 1740.

Zama hizo, ukurasa wa anwani wenye madaha ulikuwa milki ya mchonga shaba. Yeye alichimba maneno katika bamba, wino ukakaa ndani ya mifereji, na bamba likapigwa kwa mtambo wake mbali. Kitabu kimoja kikadai mitambo miwili na gharama mbili. Rosart, kama alivyofanya Pierre-Simon Fournier huko Paris, aliutaka uzuri ule utoke katika herufi za risasi, pamoja na maneno mengine, kwa pigo moja.

Hapo ndipo palipo na ugumu. Kwa mchonga shaba, kilichochimbwa ndicho kitiacho weusi. Kwa mchonga herufi, kilichochimbwa hubaki cheupe. Fundi huchonga herufi kinyumenyume kwenye ncha ya feleji, akaigongesha katika shaba ipatikane kalibu, kisha risasi ikamiminwa. Mstari ukizidi wembamba, wino huuziba na nakshi ikapotea. Ndiyo sababu herufi hizi hupendeza zikiwa kubwa na chache. Zikijazwa ukurasani, huchosha macho.

Ufundi huo haukumpa Rosart utulivu. Mwaka 1743 nyumba ya Enschedé, ya Haarlem hiyohiyo, ilinunua kiwanda cha herufi cha Wetstein cha Amsterdam, ikampata na Johann Michael Fleischman, Mjerumani mwenye mkono wa ajabu. Enschedé walizichukua pia herufi za Rosart, lakini sifa wakammiminia Fleischman. Mwaka 1759 Rosart akahamia Brussels, akaanza upya.

Mwaka 1768 vilitoka vitabu viwili vya vielelezo vya herufi. Cha Enschedé kilimtukuza Fleischman, aliyefariki mwaka huohuo. Cha pili kilitoka Brussels, nacho ni cha Rosart mwenyewe. Hapo kazi yake ilijisemea.

Kitabu chake hicho kilichapwa tena mwaka 1973. Na katika karne ya 20, herufi zake za nakshi zilipokuwa zingali katika hazina ya Enschedé, wapiga chapa walizijua kwa jina moja tu: Rosart. Nyumba iliyomnyima sifa ndiyo iliyomtunzia jina.