Viazi vya Abbott Thayer

Mwaka 1896 wataalamu wa ndege wa Marekani walikutana Cambridge, Massachusetts, na mchoraji mmoja akawaonyesha viazi vitamu. Alikuwa ameviweka juu ya waya, karibu na ardhi. Vingine vilikuwa na rangi ya udongo mwili mzima. Vingine alivikoza mgongoni, kisha akavififisha kidogo kidogo hata matumbo yakawa meupe. Waliosimama mbali kidogo waliviona vile vya kwanza tu.

Mchoraji huyo, Abbott Handerson Thayer (1849–1921), alikwisha pata jina kwa kuchora malaika wenye sura za wanawe. Alichokigundua kisingeweza kugunduliwa ila na mtu wa brashi. Mchoraji akitaka duara lionekane tufe, hulitia kivuli upande wa chini. Thayer alitambua kuwa maumbile hufanya kinyume chake: mgongo unaopigwa na jua hutiwa giza, na tumbo lililo kivulini hutiwa weupe, hata mnyama akapoteza uviringo wake machoni. Mvuvi wa pwani aliyemtazama jodari, mgongo buluu iliyoiva na tumbo fedha, anaijua kanuni hii, japo hakuipa jina.

Nyumbani kwake Dublin, jimbo la New Hampshire, ambako madirisha yaliachwa wazi hata wakati wa theluji, kazi hii ilikuwa ya familia nzima. Thayer, mkewe Emma na mwanawe Gerald walichora ndege msituni na nyoka katika majani makavu. Kitabu chao kilitoka mwaka 1909 kwa jina la Gerald, na ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokatwa umbo la nyoka: msomaji aiweke juu ya picha, ndipo amwone.

Kwa bahati mbaya, aliyeshika ukweli mmoja alitaka uwe ukweli wote. Kwa Thayer hapakuwa na rangi ya kiumbe isiyokuwa ya kuficha. Hata heroe, alisema, ni mwekundu ili apotee katika mawingu ya alfajiri na magharibi! Mwaka huo huo wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani karibuni, alishuka Mombasa kwenda kuwinda bara. Aliporudi aliandika kwa ukali kwamba punda milia wa mbugani huonekana toka mbali, wala hajifichi. Katika hili mwindaji alikuwa na haki. Lakini haki yake haikuvitia doa vile viazi.

Agosti 1914 askari wa Ufaransa waliingia vitani na suruali nyekundu. Tarehe 22 peke yake walikufa takriban 27,000. Bunduki za rashasha na mizinga ndizo zilizowamaliza, ila nguo ile haikumsaidia yeyote. Waingereza walivaa kaki. Thayer aliona hiyo nayo haitoshi, kwa kuwa rangi moja huacha umbo la mtu likisomeka. Sharti mabaka yalivunje. Mwaka 1915 alisafiri hadi Uingereza, na mchoraji mwenziwe John Singer Sargent akamtafutia miadi na Wizara ya Vita. Siku haijafika, Thayer, mtu wa hofu na huzuni za ghafla, akapanda meli akarudi kwao. Alimwachia Sargent mkoba. Ndani mlikuwa na koti lake kuukuu lililopakwa rangi, limebanwa kwa pini vipande vya nguo na soksi ndefu za Emma. Sargent, mtanashati aliyezoea kuchora mabibi wa kitajiri, hakuona humo ila matambara, akaghadhibika.

Thayer alifariki mwaka 1921. Mwaka 1929 jeshi la Italia lilichapisha kitambaa cha mabaka kwa ajili ya mahema yake. Katika Vita Vikuu vya Pili, askari wa miavuli wa Uingereza walipewa makoti mapana ya kijani na hudhurungi, na yale ya mwanzo yalipakwa kwa mkono, kwa brashi.