Dirisha la Utosini

Bila shaka wako miongoni mwenu waliopata kumwona mtoto mchanga ambaye kichwa chake hukua kupita kiasi, uso ukabaki mdogo, na macho yakaelekea chini kama jua linalokuchwa. Mimi nilimwona mmoja hapa Madibira wakati wa mavuno ya mpunga. Alikuwa amefichwa chumbani. Bibi yake alikuwa akikipima kichwa chake kwa uzi, na kila juma uzi ule haukutosha tena. Majirani walinong'ona habari za uchawi. Nami, ingawa ni mwalimu, sikuwa na neno la kuwajibu. Ndipo nikaanza kutafuta habari za ugonjwa huu.

Ndani ya ubongo wa kila mtu mna vyumba vyenye maji safi, ambayo hutengenezwa humo na kutoka usiku na mchana. Njia yake ikizibika, maji hujaa na kuubana ubongo. Na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa hupanuka. Waganga wa zamani waliyajua hayo kwa kuwapasua wafu. Kuyaona katika mtoto aliye hai ndiko kulikowashinda.

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, Bwana Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ipitayo katika nyama na kuonyesha mifupa. Mwaka uliofuata askari wa Kiitalia waliojeruhiwa vitani Adwa, katika nchi ya Uhabeshi, walipigwa picha za namna hiyo huko Naples ili risasi zipate kuonekana miilini mwao. Lakini ubongo na maji yake, mbele ya mionzi ile, havipambanuki. Picha ya kichwa cha mtoto ilionyesha ganda tu, na kiini kilibaki siri.

Aliyeifungua siri hiyo ni Walter Dandy, mpasuaji wa Baltimore huko Marekani, mwaka 1918. Alichoma sindano utosini mwa mtoto, pale padundapo, akatoa maji kidogo kidogo na kutia hewa mahali pake. Hewa huonekana nyeusi katika picha, na kwa hiyo vyumba vya ubongo vikajichora vyenyewe. Nisiwafiche: kazi hiyo iliumiza, tena ilikuwa ya hatari. Hata hivyo waganga waliitegemea kwa zaidi ya miaka 50, mpaka tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha huko London kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ile iitwayo siti skani, ambayo huuonyesha ubongo vipande vipande kama mkate uliokatwa. Hesabu za kazi hiyo zilikwisha kufikiriwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, nao wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Mashine hiyo ni ya gharama kubwa, na mionzi yake haifai kumpiga mtoto mara nyingi. Baadaye ikaja altrasaundi, itumiayo sauti isiyosikiwa na sikio la mtu. Mfupa huizuia sauti ile, lakini utosi wa mtoto mchanga huipitisha. Mama humpakata mwanawe, kifaa huwekwa utosini, na maji huonekana papo hapo, bila sindano wala maumivu.

Lakini kuona si kuponya. Mwaka 1956 John Holter, fundi wa vyuma wa Marekani ambaye mwanawe alizaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa, alitengeneza kilango kidogo cha mpira wa kuyatoa maji kichwani kwa njia ya mrija. Mrija huo umeokoa watoto wengi sana. Ila huziba, nao ukiziba hospitali ikiwa mbali, mtoto hufa.

Jambo hilo lilimsumbua Benjamin Warf, mpasuaji Mmarekani aliyehamia Mbale, Uganda, mwaka 2000, katika hospitali ya CURE. Akajaribu kupitisha darubini nyembamba utosini, kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, na kuchoma sehemu iyatengenezayo, asiache mrija wowote. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya kulinganisha njia hizo mbili kwa watoto 100 huko Mbale: baada ya miezi 12 akili zao hazikupitana sana, wala ubongo wao katika picha.

Tena iligunduliwa huko kwamba zaidi ya nusu ya watoto walioletwa hawakuzaliwa na ugonjwa huo. Waliupata kwa uambukizo ulioingia ubongoni, mara nyingi katika majuma ya kwanza ya maisha. Hilo ndilo neno nililolikosa siku ile mbele ya majirani.

Mtoto wa Madibira alipelekwa mjini baada ya miezi saba, akawekwa mrija. Kichwa kimeacha kukua, naye hukaa mwenyewe mkekani. Macho hayakurudi. Mama yake akiingia kutoka shambani humwita tangu mlangoni, naye hugeuka.