Wanapenda Gari au Wanapenda Mlio?

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu saa tano za usiku. Saa kama hizo simu ikilia, mtu huwaza msiba au hospitali. La hasha, ilikuwa habari ya gari. "Mjomba, nimelipata," akasema, kwa sauti ambayo ungedhani amepata mchumba. Alikuwa amepata Subaru Impreza ya mwaka 2003, saluni ya milango minne, yenye tabo na gia za mkono. Mwenyewe alitaka shilingi 750,000. Kijana alikuwa na 600,000, alizoziweka kwa miaka mitatu katika chama cha akiba kazini kwake. Zilizopungua, bila shaka, zilikuwa mfukoni mwangu.

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia nitafikiri, na nikafikiri kweli, kwani swali alilonitupia nimelisikia gerejini, nimelisikia kwenye matanga, hata hapa studioni nimelisikia. Gari dogo la saluni lenye tabo na gia za mkono lina nini hata likawapagawisha wapenzi wa usukani? Si kubwa, wala si la kifahari. Ukiliziba lile tundu la juu ya boneti, ni gari la kumpeleka mwalimu shuleni.

Tuanze na tabo yenyewe. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha wazo lake mwaka 1905. Aliona kwamba moshi unaotoka kwenye injini hutoka na nguvu nyingi zinazopotea bure. Je, moshi huo ukizungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo likazungusha jingine la kusukuma hewa ndani ya injini? Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi huungua, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa la meli, ndege na malori. Madereva wa malori ya Mombasa wanaijua tabo tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuwashangilia kwa ajili hiyo.

Katika magari madogo safari ilikuwa ya kusuasua. Wamarekani walijaribu mwaka 1962. Wajerumani wa BMW walitoa 2002 Turbo mwaka 1973, gari dogo la milango miwili lililoonyeshwa likiwa na jina lake limeandikwa kinyume upande wa mbele, ili dereva aliye mbele alisome kwenye kioo chake na kupisha. Majivuno hayo yaliangukia mwaka ule ule wa msukosuko wa mafuta duniani, na gari halikudumu.

Tabo za zamani zilikuwa na kasoro moja kubwa, na naomba uishike kasoro hii kwani ndiyo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Moshi ukiwa mchache, gurudumu halizunguki vya kutosha. Unakanyaga mafuta, hakuna kitu. Unahesabu moja, mbili, halafu gari linaruka kama punda aliyechomwa mwiba. Dawa ya dereva ilikuwa moja tu, nayo ni kuhakikisha injini hailali. Ushuke gia kabla ya kona, injini ipige kelele, ili unapotoka konani tabo iwe tayari imeamka. Kazi hiyo ilihitaji mkono, mguu wa kushoto na sikio. Hapo ndipo tabo na gia za mkono zilipofunga ndoa.

Sasa tuje nyumbani, maana katika habari hii nyumbani kwetu pana jina. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na watu wa Kenya walizoea mapema kuona magari waliyoyajua mitaani yakipasua matope. Joginder Singh alishinda mwaka 1974 kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari dogo lisilo na tabo, na Lancer ikawa kama ndugu wa ukoo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica yenye tabo. Tangu hapo asiye na tabo alijua kwamba ushindi utakuwa mgumu kuupata.

Lakini gari la ushindi likawa kitu cha mtaani kwa sababu ya sheria. Magari ya kundi B, yale yaliyotengenezwa machache mno na yenye nguvu za kutisha, yalipigwa marufuku mwisho wa mwaka 1986 baada ya vifo vya watazamaji huko Ureno, na vya Henri Toivonen na msomaji ramani wake Sergio Cresto huko Corsica. Likaingia kundi A. Kanuni yake ilikuwa ngumu kwa wenye viwanda: ukitaka gari lako lishindane, lazima kwanza utengeneze magari 5,000 ya aina hiyo, idadi ambayo baadaye ilipunguzwa hadi 2,500. Maelfu hayo ungeyapeleka wapi? Ilibidi uyauze kwa watu, akiwamo baba mwenye watoto watatu anayetaka gari la kwendea kanisani.

Hivyo ndivyo Subaru walivyoleta Impreza WRX mwaka 1992. Injini ya lita mbili, silinda nne zilizolala, mbili kushoto na mbili kulia, tabo, nguvu za farasi 240 katika gari la takriban kilo 1,200, na magurudumu yote manne yakivuta. Mitsubishi wakajibu mwaka ule ule kwa Lancer Evolution. Kwa muda mfupi mtu wa kawaida aliweza kununua dukani ndugu halisi wa gari la mashindano. Katika historia ya magari hilo ni jambo la nadra, na sidhani wenye viwanda walilifanya kwa kupenda.

Subaru hawakuja kwetu wageni. Mwaka 1993 walileta Safari vigari vitatu vya Vivio, injini ya cc 660, vidogo hata watu wakavicheka. Colin McRae, kijana wa Uskoti, alikimbia nacho kama aliyefukuzwa na nyuki mpaka kikamvunjikia. Aliyefika mwisho ni Mkenya, Patrick Njiru. Mwaka uliofuata Njiru akamaliza wa 4, safari hii akiwa na Impreza. Waulize wenye umri wangu kwa nini Wakenya wanaipenda Subaru. Kabla ya kukutajia tabo watakutajia Njiru.

Mimi mwenyewe niliiona mwaka 1997, nikiwa mvulana mwenye kaptura ya shule. Baba alitupakia nyuma ya pikapu ya jirani mpaka upande wa Kajiado, tukakaa juu ya kichuguu tangu alfajiri na viazi vya kuchemsha. Kwanza ilisikika helikopta. Halafu mlio. Si mlio mwembamba wa magari mengine. Ulikuwa mnguruma wa kukatikakatika, kama mzee anayecheka kifuani. Mafundi wanasema unatokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu, kwa hiyo mapigo ya silinda hayafiki kwa mpangilio. Gari likapita, samawati na manjano, na sisi tukala vumbi kwa furaha. McRae alishinda mwaka ule. Miaka mingi baadaye nilijua kwamba rangi zile tulizozichora kwenye madaftari zilikuwa tangazo la sigara.

Na nilijua jambo jingine. Mwaka huo wa 1997 sheria ilikuwa imelegezwa. Viwanda havikulazimika tena kuuza maelfu ya magari yanayofanana na yale ya mashindano. Impreza iliyotupita pale kichuguuni ilikuwa na milango miwili na viungo vingi ambavyo hukuweza kuvipata dukani kwa fedha yoyote. Yaani siku ile tuliyoanza kulipenda gari la mtaani kwa sababu ni ndugu wa gari la mashindano, undugu wenyewe ulikuwa umeanza kuwa wa mbali. Hakuna aliyetwambia, na pengine tusingetaka kuambiwa.

Leo undugu umekatika kabisa. Lancer Evolution ilikoma kutengenezwa mwaka 2016. Mwaka 2022 Subaru walitangaza kwamba hawatatoa STI mpya, ile iliyokuwa kali kuliko zote, juu ya WRX ya sasa. Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kuanzia hapo hadi 2025 ilikuwa ni Toyota Yaris kila mwaka, gari fupi lisilo na buti ya kuweka gunia la viazi. Na gia za otomatiki za siku hizi hubadilika upesi kuliko mkono wa binadamu yeyote, huku kompyuta ikificha ile kasoro ya tabo usiisikie. Wanaoshikilia gia za mkono leo hawawezi kudai kwamba wanakwenda mbio zaidi. Hoja hiyo imekufa, na afadhali wakiri.

Basi imebaki nini? Jumamosi nikaenda na mpwa wangu kuliona gari, tukamchukua fundi wangu wa Barabara ya Kirinyaga. Njiani fundi alitusimulia mambo ya kuchekesha na kusikitisha. Vijana wengi, alisema, hununua Impreza ya cc 1500 ya otomatiki, ambayo nguvu zake hazifiki nusu ya zile za yenye tabo, kisha hubandika boneti yenye tundu na kufunga ekzosti nene. Chini ya tundu hakuna kipozeo cha hewa, kuna betri tu na vumbi. Mlio upo, mbio hazipo. Wengine hununua ya tabo ya kweli wakashindwa kuilisha: oili ya bei rahisi, injini kuzimwa papo hapo ikitoka kwenye mwendo mkali, mpaka beringi zinakwisha na gari linavutwa kwa kamba.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mpwa wangu katika kundi mojawapo. Fundi alifungua boneti, akagusa injini kuhakikisha ni baridi, akachomoa kijiti cha oili na kupaka tone kwenye ukucha akitafuta chembe za chuma. Hakuziona. Alisikiliza injini ikiwaka. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo kwa mafundi ni sifa. Gari lilikuwa la kweli, na mwenyewe, mzee mmoja mstaafu, alikuwa amelitunza.

"Haya, mpwa, panda uliendeshe," nikasema.

Kijana akazunguka akaketi upande wa abiria. "Endesha wewe, Mjomba."

Nikamuuliza kwa nini. Akasita, akatoa leseni mfukoni. Daraja B1. Msikilizaji, kama hujui, B1 ni leseni ya magari madogo ya otomatiki tu. Kijana ameweka akiba miaka mitatu kwa ajili ya gari ambalo sheria haimruhusu kuliendesha na ambalo hajawahi kuliendesha. Shuleni kwa udereva walimshauri achukue otomatiki kwa kuwa ni rahisi na ndiyo magari ya siku hizi. Sikumcheka, ingawa fundi alilazimika kugeuka akatazama ukuta.

Nikaendesha mimi. Klachi ilikuwa nzito. Gia ya pili, nikakanyaga, na kwa kitambo hakikutokea kitu. Kisha, sindano ilipokaribia mizunguko 3,000, kiti kikanisukuma mgongoni na ule mlio wa Kajiado ukaja kutoka chini ya miguu yangu. Nikapanda ya tatu. Kwenye kona nikashuka ya pili mapema, kama nilivyoeleza hapo awali, na gari likatoka konani likiwa macho. Nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, msidhani nilivunja sheria, lakini mikono ilikuwa na kazi, miguu ilikuwa na kazi, na kwa dakika kumi sikukumbuka simu wala kodi ya nyumba. Basi kwa lile swali jibu langu ni ndiyo. Gari hili linawavuta wapenzi wa usukani, na linawavuta kwa kasoro yake, kwa kuwa linamwachia dereva sehemu ya kazi. Anayetaka mlio tu, auziwe ekzosti.

Je, mpwa wangu ni yupi kati ya hao wawili? Hata yeye hajui. Kwa hiyo nimempa sharti. Akatafute kwanza leseni ya gari la gia za mkono, na mazoezi ayafanye kwa pikapu yangu kuukuu, mimi nikiwa pembeni, na mwalimu wa udereva aliye na kibali akisimamia, kwani mapenzi ya mjomba hayafuti sheria za barabarani. Jumapili iliyopita alizima injini mara tatu mlimani, na kwenye ile ya nne matatu ya nyuma yetu ikapiga honi mpaka kondakta akashuka kutuuliza kama tunahitaji kusukumwa. Kijana alitokwa na jasho, akaomba turudie mlima ule ule. Tukaurudia mpaka jioni.

Yule mzee mstaafu amesema atatungoja hadi mwisho wa mwezi ujao. Zile 150,000 bado ninazo.